Sauti ya Ruthu Katika Vipande

Tulieni, enyi kusanyiko la waliochoka. Aliye na kikombe akishushe; aliye na neno mdomoni alimeze kwanza. Msidhani kwamba Mungu hunena madhabahuni peke yake. Yeye aliyekifungua kinywa cha punda hashindwi na kijiwe cha kahawa, na alasiri ninayowasimulia alinena pale Chang'ombe, mjini Dodoma, mkabala na mashine ya kusaga, juu ya ubao uliolazwa kwenye matairi mawili ya lori. Kilikuwa kiangazi. Upepo ulichota vumbi jekundu ukalichanganya na pumba za uwele, hata walioketi pale wakawa rangi moja, mwenye cheo na asiye nacho, kama tutakavyokuwa sote siku ile. Na walioketi ni wale wa kila siku, watu waliojaliwa ndimi kuliko kazi.

Wa kwanza alikuwa Fabian, waliyemwita Spika, kwa sababu ujana wake wote alipanga vipaza sauti katika kumbi za mikutano, na hata leo hapendi mtu azungumze asipompa nafasi yeye. Wa pili alikuwa Abeli, jina la kijiweni Zabibu, auzaye zabibu za Makutupora juu ya baiskeli. Habibu alikuwa mwenye birika na kashata. Na kwenye ncha ya ubao aliketi mzee Bartolomayo, mwalimu wa kwaya aliyestaafu, mtu wa tai na viatu vilivyong'aa hata vumbini. Huyo walimwita Amri Kumi. Hakuna aliyemwita hivyo kwa dhihaka tupu. Walimwogopa kidogo, na walimpenda kidogo zaidi.

Siku hiyo Bartolomayo alikuja na mzigo usioonekana. Katika mfuko wa shati, juu ya moyo, mlikuwa na simu, na ndani ya simu mlikuwa na ujumbe wa binti yake wa pekee, Anitha, akaaye Makutupora. Asubuhi Anitha hupogoa mizabibu ya watu. Mchana huinamia kompyuta kuukuu akitengeneza muziki ambao babaye hakuwahi kuuelewa. Ujumbe ulisema: “Shikamoo baba. Kazi yangu imekamilika. Sauti ya mama imo, nimeichukua kwenye zile kaseti zako za mazoezi. Leo saa kumi inatoka mtandaoni, watu wote waisikie. Lakini mama ni wako kabla hajawa wa watu. Ukisema isitoke, haitatoka. Naomba tu uisikilize yote.”

Asubuhi alikuwa ameijaribu. Zilikuja ngoma za muheme, zile ambazo wanawake wa Kigogo huzibana magotini, ila zilikuwa zimekatwakatwa na kukimbizwa kuliko mapigo ya moyo wa mtu aliyevamiwa na nyuki. Kisha, juu ya ngoma hizo, akaisikia sauti ya Ruthu. Mkewe. Ruthu waliyemzika kijijini Mlali, kwenye udongo wa kwao, kabla ya mavuno ya mwaka uliopita, ndipo yeye akahamia mjini asikione kitanda alichofia. Sauti ile ilitoka kwa vibanzi, nusu neno, nusu pumzi, ikirudi na kurudi kama kuku adonoaye. Bartolomayo aliizima kwa vidole gumba viwili. Aliona kama mwanawe amefukua kaburi na kuitawanya mifupa uani.

Neno alikwisha kulichagua: isitoke. Lakini alikuwa mtu wa sheria, na sheria yasema neno lithibitishwe kwa mashahidi wawili au watatu. Ndiyo sababu alikuja kijiweni. Na hapa, wapendwa, ndipo alipokosea: aliwaita mashahidi, akawaficha kesi ni ya nani.

— Nisikilizieni kitu hiki, akasema, akiiweka simu juu ya ubao. Nimetumiwa. Mniambie ninyi, huu ni muziki ama ni laana?

Akabonyeza. Ngoma zikafumuka.

— Toba! Habibu akaruka, kahawa ikamwagikia kidole. Mzee wangu, simu imemeza kokoto?

— Hiyo siyo kokoto, ni mawe ya kilima cha Mlimwa yote!

— Zima, zima, tutaitiwa polisi!

Bartolomayo akazima. Hata yeye alifurahi kuzima.

— Waheshimiwa, akasema Fabian, akikohoa kikohozi cha ukumbini. Nafasi ya kwanza najipa mwenyewe. Hapo hakuna laana. Hapo ni kadi. Kadi ya simu imeingia vumbi. Vumbi la mji huu linaingia mpaka ndani ya yai. Wimbo unataka kupita, unakuta vumbi, unarudi nyuma, unajaribu tena. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Sasa hapo mgeni ni nani? akauliza Abeli.

— Vumbi.

— Na mwenyeji aliyepona?

— Usinikatize, Zabibu. Hoja haijafika mwisho.

— Hoja yako ikifika mwisho tutakuwa tumeshazeeka. Huu mimi naujua. Vijana kule mashambani wanauita brekikoo. Ngoma inakatwa vipande, inakimbizwa, halafu wanapachika sauti walizookota popote. Redioni, sokoni, kanisani.

— Brekikoo? Mbona breki zenyewe hazishiki!

— Ndiyo kazi yake. Ni muziki wa madereva wa malori wanaotambaa na barabara ya Singida. Ukiuweka, husinzii hata ukiwa na mto. Haraka haraka haina baraka, ila kwenye usukani inayo.

— Mnapotea nyote, akasema Habibu, akifuta kidole. Huo ni wa kuku.

— Wa nani?

— Wa kuku, mzee. Shemeji yangu yuko Kizota, anafuga kuku wa nyama. Kuku hudonoa kwa kufuata ngoma. Mpigie taarabu, atakula kwa madaha, mwezi unakwisha hajatoa paja. Mpigie huo hapo, anadonoa mpaka sahani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kuku guu ndilo linalouzwa.

— Na kuku wa mayai je?

— Huyo atataga yai la kukaanga moja kwa moja.

Wakacheka hata ubao ukatikisika juu ya matairi. Bartolomayo hakucheka. Alikuwa ameomba hukumu, akapewa kuku. Lakini hakuweza kusema, “Nyamazeni, huyo ni mke wangu,” maana angelisema hivyo kesi ingelikuwa yake, naye hakutaka iwe yake.

— Acheni mzaha, akasema kwa sauti ya zamani, ile iliyokuwa ikizinyamazisha sauti zote nne za kwaya. Msisikilize ngoma. Sikilizeni huyo mama.

Akaiwasha tena, kidogo tu. *Nishi... nishi... nishike... mko...* Akazima upesi, kabla kitu fulani kifuani mwake hakijasogea.

Fabian akajikuna kidevu.

— Basi nabadili hoja, akasema. Hiyo ni setilaiti. Kila mtu aliyewahi kusema “halo” katika simu, sauti yake ilipanda juu. Ya wadai, ya wachumba, yote iko huko inazunguka. Sasa huko kumejaa. Zinavuja. Huyo mama alikuwa anampigia mtu simu, na mtu hakupokea.

— Hapana, Spika. Abeli alikuwa ameacha kucheka. Huyo mama ni marehemu.

Bartolomayo akamgeukia.

— Umejuaje? akauliza.

— Sauti yake haina mahali pa kukaa. Mtu aliye hai akisema, unasikia ana kifua, ana kigoda, ana ukuta nyuma yake. Huyu wamemfungia kwenye waya. Anaomba kutoka, anasukumwa ndani. Na aliyemfungia siyo mtu baki, mzee. Mtu baki atamjuaje hivyo? Ni mtu wa kwake. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Astaghafirullah, akasema Habibu.

— Kama ni hivyo, akasema Fabian akisimama, aliyeutengeneza hana mama na hana haya. Naweka azimio. Kitu hiki kisichezwe mbele ya watu. Wanaoafiki?

— Ndiyo!

— Wasioafiki? Hakuna. Walioafiki wameshinda.

Hukumu aliyoitafuta Bartolomayo ikawa imepatikana, ikamjaa kinywani kama majivu. Hata hivyo akaichukua simu, akaanza kuandika kwa kidole gumba kizito. Aliandika I, akaandika s, akafuta, akaandika tena. *Isitoke.* Kilichobaki ni kuituma.

Wakati huo akaja mwanamke kutoka mashineni, amejifunga kitenge juu ya sketi ya ofisini, unga mweupe kwenye nyusi. Jina lake Bupe, karani wa wizara mojawapo, mwenyeji wa Mbeya, aliyehamishiwa Dodoma majuzi tu. Uwele wake ulikuwa kwenye foleni ya kusagwa.

— Shikamooni wazee. Nafasi ipo ya mtu kunywa kahawa?

— Marahaba mwanangu. Mbukwenyi! Fabian akasogea, akamwachia nafasi ubaoni.

— Eeh?

— Ndiyo salamu yetu hapa. Wewe itikia vyovyote, utazoea.

Bupe akacheka, akapokea kikombe, akapuliza.

— Samahanini, wazee wangu. Huo wimbo mliokuwa mnaupiga nilikuwa nausikia kule. Kila ukianza mnaukata. Mwishoni unakuwaje?

— Hauna mwisho huo, mama. Ni mgonjwa, akasema Habibu.

— Mmeufikisha?

Wakatazamana. Fabian alimtazama Abeli. Abeli akaitazama baiskeli yake. Waamuzi walikuwa wamekwisha kupiga kura, na hakuna hata mmoja aliyesikiliza shauri. Bartolomayo, aliyewafundisha vijana wengi kwamba ajibuye kabla ya kusikia amejitwika upumbavu na aibu, alihisi joto likimpanda shingoni mpaka masikioni. Mwanawe alikuwa amemwomba jambo moja tu. Naye hilo moja hakulitenda.

Akaiweka simu ubaoni, akabonyeza, akaweka mikono yake magotini pasipo kuigusa tena.

Ngoma zikaja, zikakimbia kama mbuzi walioliona wingu. Waliogopa mwanzoni, kisha masikio yakazoea, nao wakaanza kusikia kwamba mkimbio ule ulikuwa na njia. *Nishike mko...* Ndipo ikapita sauti ya mwanamume, kavu, fupi, kama rula juu ya meza: *Rudia!* Ngoma zikaanguka, zikainuka. *Nishike mkono, Ba...* *Rudia!* Palikuwa na mvua juu ya bati. Palikuwa na kikohozi cha mtu. *Nishike mkono, Baba, nivu...* *Hapana. Rudia hapo.* Na kila mara, kabla hajarudia, yule mama alicheka kicheko kidogo cha puani, cha mtu aliyekwisha kusamehe na kusahau. *Rudia. Rudia. Rudia.* Neno lile likakatwa nalo, likakimbizwa nalo, hata likawa ngoma kubwa kuliko muheme zote, likipiga na kupiga.

Bupe alikuwa ameinamisha kichwa, kikombe hakijafika mdomoni. Akauliza bila ubaya wowote, kama mtu aulizaye njia ya kwenda sokoni:

— Huyu baba, kwa nini hamwachi mama amalize?

Spika hakuwa na nafasi ya kumpa mtu. Habibu aliinamisha birika juu ya kikombe kisichokuwa cha mtu, na birika lilikuwa tupu, naye akaendelea kuliinamisha. Abeli akageuza uso polepole, akamtazama Amri Kumi, tai yake, kidole chake kilichozoea kuinuka hewani.

Bartolomayo aliijua sauti ile ya mwanamume: ilikuwa yake.

Maana hivi ndivyo alivyokuwa akifanya kazi huko Mlali, na watu walimsifu kwa hilo. Kila mazoezi aliiweka redio ya kaseti dirishani, akabonyeza kurekodi, apate kwenda kuwinda makosa nyumbani usiku. Mwimbaji akipotoka, alimkatiza hapohapo. Na wimbo ukisha kunyooka, ukipita mwanzo hata mwisho bila doa, aliizima redio, kanda isiliwe bure na kitu kisicho na kasoro. Kwa hiyo katika sanduku lote la kaseti, hapakuwa na mahali hata pamoja ambapo Ruthu aliimba ubeti akaumaliza. Alikuwa ameyahifadhi makosa ya mkewe, sifa zake akaziacha ziende na upepo. Si Anitha aliyeikata sauti ile. Anitha aliikuta imekatwa.

Na kama ingelikuwa nyimbo tu! Lakini mkono uliozoea kukata haujui mazoezi yamekwisha. Ruthu akianza habari mezani, aliimalizia yeye, kwa usahihi zaidi. Na siku zile za mwisho, chumbani, alipomshika mkono na kusema, “Bartolomayo, mimi nili...”, yeye alimwambia, “Pumzika, mama, usijichoshe.” Akapumzika. Neno lile hakurudi nalo tena.

Simuni, ngoma zilikuwa zikiondoka moja moja, kama watu watokao msibani. Kukabaki uwazi. Kisha ikaja ile sauti, na ngoma hazikuigusa.

*Nishike*, ndani ya mvua. *Mkono*, siku kavu isiyo na mvua. *Baba*, siku aliyokuwa na mafua. *Nivuke korongo*, sauti ya msichana aliyeolewa juzi. *La maji*, sauti ya mwanamke mtu mzima, imeshuka, imeiva. *Unifikishe nyumbani*, na nyuma yake kiti kinaburutwa. *Kabla jua*, pumzi. *Halijazama.*

Ubeti mzima. Kila neno kutoka siku yake, limeokotwa pale lilipoangushwa, likashonwa pamoja na jirani yake hata mshono ukawa mzuri kuliko kitambaa. Hapana mtu aliyesema rudia.

Ndugu zangu, makutano walipokwisha kushiba kule nyikani, Bwana hakuwaambia wanafunzi waende zao. Aliwatuma wakusanye vipande, kisipotee kitu. Wapo wanaodhani kuokota makombo ni kazi ya maskini. Mimi nawaambia, ni kazi aliyoiagiza Mwana wa Mungu, na binti mmoja wa Makutupora, mwenye mikono iliyochanika kwa kupogoa, aliifanya alipokuwa babaye amejifungia na haki yake.

Machozi ya Bartolomayo yalishuka na vumbi, yakaacha njia mbili safi usoni.

— Mzee, akasema Abeli kwa sauti ya chini. Ni nani?

— Ni Mama Anitha. Ni mke wangu.

— Na aliyefanya...

— Anitha.

Fabian akavua kofia. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama ndani kama mtu atafutaye kifungu cha kanuni.

— Azimio linafutwa, akasema. Na lilikuwa batili. Akidi haikutimia.

— Nisamehe, mzee wangu, akasema Abeli. Ile habari ya waya. Mdomo wangu ni pancha, hauzibiki.

— Ulisema kweli, Abeli. Mtu alimfungia. Ni mimi.

Bupe aliweka kikombe chini, mkono mdomoni.

— Baba, mimi sikujua. Ningejua nisingeuliza.

— Mungu na akubariki kwa kutojua, mwanangu.

Akafuta herufi alizoziandika, moja baada ya moja. Saa kumi ilikuwa mlangoni. Akapiga simu, na kidole kizito kikagusa alama ya sauti ya nje, hata kijiwe chote kikasikia.

— Shikamoo baba. Sauti ya Anitha ilikuwa imebanwa, ya mtu aliyesimama mbele ya hakimu. Baba, kama umeamua isitoke nitaelewa. Ila naomba nikueleze, mimi sikutaka kumdha...

Kinywa cha Bartolomayo kikafunguka kwa mazoea. Neno lilikuwa limekwisha kufika ulimini, lenye adabu, lililonyooka, tayari. Upande wa pili Anitha alikuwa amenyamaza, akingoja kukatizwa kama alivyozoea tangu utoto.

Bartolomayo akakifunga kinywa chake. Hilo, wapendwa, lilimgharimu kuliko saumu.

— Endelea, mwanangu, akasema. Nasikiliza. Sema mpaka mwisho.

Anitha akaanza kusema, kwa kusitasita mwanzoni, halafu kama korongo lililopata mvua. Alisema juu ya kaseti na alivyozitoa chini ya kitanda bila ruhusa. Alisema jinsi alivyotafuta neno “halijazama” mpaka akakata tamaa, akalipata kwenye kanda moja, pale mvua ilipokatika. Alisema mambo ya mama, na mambo mengine ambayo si yangu kuwasimulia. Alikosea mahali, akarudi nyuma, akalia, akaendelea. Mashine ya kusaga ilizimwa. Mtu akamwita Bupe aje achukue unga wake, wala hakuinuka.

Hata alipokwisha kabisa, Bartolomayo alingoja kidogo tena, ahakikishe amekwisha.

— Itoke, akasema. Na ile sauti ya mwanamume usiifute. Watu waisikie.

Basi wewe uliyesikia haya, usiondoke ukimhurumia Bartolomayo. Yeye amepona. Wewe je? Nyumbani mwako yupo mtu aliyeanza neno tangu mwaka juzi, nawe ukalikata kwa hekima yako, kwa haraka yako, kwa Maandiko yako hata. Mkeo, mumeo, mtoto uliyemwita mjinga, mama yako mzee arudiaye habari ileile kwa kuwa hujamwacha kuifikisha. Usingoje kaburi likufundishe. Tubu leo. Ondoka hapa, nenda kwake jua likiwapo, keti chini mahali anapokaa, umwombe aanze upya. Kisha kifunge kinywa chako, mwenye haki wewe, mpaka amalize.